Ramen, matcha na bili: lipeni bila kuachiana deni

Siku hizi kula Kijapani Nairobi si mambo ya mabalozi na watalii pekee. Ukizunguka Westlands utapata bakuli la ramen, na kile kinywaji cha kijani, matcha, kimeingia hadi kwenye mikahawa ya kawaida ya kahawa. Tatizo huja bili inapofika. Mko wanne, kila mtu ameinamia simu yake, na hesabu mliyokuwa nayo kichwani hailingani na ile ya karatasi.

Tuanze na bakuli lenyewe. Ramen ni tambi za ngano ndani ya supu. Asili yake ni Uchina, lakini Wajapani wameifanya yao kabisa. Kwenye menyu utakutana na shio, yaani ya chumvi. Shoyu, ya mchuzi wa soya. Na miso, ya soya iliyochachushwa, ambayo Sapporo inajulikana nayo. Halafu kuna tonkotsu ya Fukuoka, supu nzito nyeupe inayotokana na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Kama huli nguruwe, usiulize nyama ya juu tu, uliza na supu. Bakuli la miso lenye kuku juu linaweza kuwa limepikwa kwa supu ya mifupa ileile. Uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu chakula kikishafika mezani, kurudishiwa pesa ni mjadala mrefu.

Vya kuongeza, kama yai, mwani au nyama zaidi, mara nyingi vina bei yake kila kimoja. Ukihisi njaa bado, uliza kama wana kaedama: tambi za pili unazotumbukiza kwenye supu iliyobaki, badala ya kuagiza bakuli jipya. Kwa hiyo usiimalize supu mapema!

Na matcha je? Ni mmea uleule wa chai inayolimwa Kericho, ila huko Japani, kwa mfano Uji karibu na Kyoto, mimea hufunikwa isipigwe sana na jua wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, kisha majani hukaushwa na kusagwa kuwa unga laini. Ni kazi nyingi, ndiyo maana bei yake si ya chai ya kawaida. Hapa hakuna kuchuja, unakunywa jani lenyewe pamoja na kafeini yake, kwa hivyo ukiagiza saa mbili usiku, usishangae ukikesha.

Sasa bili. Katika mikahawa mingi ya ramen kule Japani kuna mashine mlangoni: unachagua, unalipa, unapewa tiketi, ndipo unapikiwa. Kwetu tunakula kwanza, kwa hiyo ni juu yako kujua jumla mapema. Soma maandishi madogo chini ya menyu. Tuseme bakuli ni shilingi 1,500 na matcha 600. Watu wanne ni 8,400, au 2,100 kila mmoja. Lakini kama bei hizo hazijajumuisha VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, jumla inafika 9,912. Kila mmoja sasa ni 2,478. Hiyo 378 ya ziada ndiyo humwangukia yule aliyejitolea kulipa kwanza.

Ushauri wetu: msimtumie mtu mmoja pesa ili alipe. Kumtumia mtu kuna ada kulingana na kiasi, ilhali ukilipa kwa namba ya till, kwa kawaida mteja hakatwi kitu. Kuna jambo jingine ambalo watu huona aibu kulisema mezani. Kama rafiki yenu ana ule mkopo unaojilipa pesa zikiingia tu, mchango wenu utamezwa na deni lake, na bili itabaki pale pale. Mwambieni weita agawanye, kila mtu alipe sehemu yake moja kwa moja.

Mkipata msimbo wa QR mezani, nao ni wa Kijapani: Denso Wave iliutoa mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ni rahisi kutumia, lakini mtu anaweza kubandika stika yake juu ya ile ya mkahawa. Kwa hiyo kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina usilolitambua, simama, muulize weita. Wakati mwingine biashara imesajiliwa kwa jina tofauti na la mlangoni, na meneja anaweza kukuthibitishia.

Bahashishi ni hiari yako. Japani hawana desturi hiyo, lakini weita wa hapa ataifurahia. Angalia kwanza kama ada ya huduma tayari iko kwenye bili.

Na ukiambiwa pesa hazijaingia, usilipe mara ya pili. Angalia salio na ujumbe wa muamala, msomee weita ile namba ya muamala aitafute kwa upande wao. Kama salio limepungua na mkahawa hauoni kitu, tupigie ukiwa bado umekaa pale pale mezani.