Kipunji kapatikana, Bigfoot je?

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, dubu mweusi, dume bado kijana, alizuka katikati ya nyumba za watu mtaani Brookland, kaskazini-mashariki mwa jiji la Washington, mwendo mfupi wa gari kutoka Hyattsville, jimbo la Maryland. Huko si makazi ya dubu. Katika jimbo hilo wanaishi zaidi kaunti za milimani upande wa magharibi, ila kila mwanzo wa kiangazi madume machanga huachana na mama zao na kutangatanga wakitafuta pa kuishi. Polisi walizungusha utepe, majirani wakajazana simu mkononi, na wataalamu wa wanyama wakamlaza kwa sindano ya usingizi na kumrudisha porini Maryland. Mnyama mmoja aliyepotea njia aliacha, ndani ya saa chache, picha zisizo na ubishi, mashahidi walioafikiana, na mwili uliobebwa kwa mikono ya watu. Bigfoot, jitu la manyoya linalodaiwa kutembea kwa miguu miwili katika misitu ya Marekani, ametafutwa kwa zaidi ya miaka 60 na hajaacha hata robo ya hayo. Tofauti hiyo ndiyo hoja ya makala haya. Suala si kama mashahidi wa Bigfoot ni waongo. Wengi wao si waongo. Suala ni kwamba ushahidi wa mnyama wa kweli hukua kadiri watu wanavyomtafuta na kadiri vyombo vinavyoboreka, na ushahidi wa Bigfoot haukui.

Wakazi wa Hyattsville hawana haja ya kwenda mbali kumwona ndugu yake Bigfoot. Kaunti yao ya Prince George's ina Goatman, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anayesemwa kuvizia magari ya vijana usiku kwenye barabara ya Fletchertown, upande wa Bowie. Kisa maarufu zaidi cha asili yake kinamtaja mwanasayansi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville ambaye jaribio lake juu ya mbuzi lilimgeukia mwenyewe. Uzuri wa kisa hiki kwa mchunguzi ni kwamba hatua zake zina tarehe. Masimulizi ya Goatman yalikuwa yamekwisha kuhifadhiwa katika nyaraka za ngano za Chuo Kikuu cha Maryland, College Park, jirani kabisa na Hyattsville. Oktoba 1971, gazeti la kaunti lilizitumia nyaraka hizo kuandika habari zake. Muda mfupi baadaye mbwa mmoja wa Bowie akakutwa amekatika kichwa. Novemba gazeti hilohilo likaripoti hofu ya wakazi kwamba Goatman yu hai, na Washington Post likafuata mwezi uleule. Mfuatano ni huo: hadithi kwanza, gazeti likafuata, kisha mzoga, na mwisho tafsiri ya mzoga. Mbwa alikufa kweli, na huzuni ya wenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini angekufa mwaka mmoja kabla, watu wangefikiria treni, gari au mtu katili. Jina la muuaji lilikuwa tayari midomoni mwa watu kabla ya kifo chenyewe.

Bigfoot amepita njia hiyohiyo, ila kwa hatua ndefu zaidi. Mwaka 1958 gazeti la Humboldt Times la California liliandika juu ya nyayo kubwa mno zilizoonekana na wajenzi wa barabara huko Bluff Creek, na jina Bigfoot likaenea nchi nzima. Mkandarasi wa kazi hiyo, Ray Wallace, alipofariki mwaka 2002, familia yake ilitoa hadharani miguu ya kuchonga ya mbao na kueleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiitumia kupiga nyayo. Tarehe 20 Oktoba 1967, bonde hilohilo lilitoa filamu mashuhuri ya Roger Patterson na Bob Gimlin, isiyozidi dakika moja, inayoonyesha kiumbe jike, matiti yakionekana, akikatiza mchangani na kugeuka kutazama kamera. Patterson hakuwa mpita njia. Mwaka uliotangulia alikuwa amechapisha kitabu juu ya Bigfoot, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa jike wa aina hiyo. Hilo peke yake halimtii hatiani, bali linaonyesha kwamba picha ilikuwa kichwani kabla ya kuwa kwenye filamu. Kutoka hapo televisheni na sinema zikashika usukani: mwaka 1976 Bigfoot alitokea katika The Six Million Dollar Man, mwaka 1987 akawa kipenzi cha familia katika Harry and the Hendersons, na mwaka 2011 Animal Planet, ambayo kampuni yake mama ilikuwa na makao makuu Silver Spring, si mbali na Hyattsville, ikaanza kurusha Finding Bigfoot. Kipindi hicho kilidumu hadi 2018, na aliyetafutwa hakupatikana. Leo Mmarekani huingia msituni akiwa anajua tayari Bigfoot anafananaje. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba maelfu ya mashahidi wanaeleza kiumbe cha namna moja, tukumbuke kwamba wote walikwisha kutazama picha za namna moja.

Wapenzi wa Bigfoot hulalamika kwamba sayansi imewapuuza. Kumbukumbu hazisemi hivyo. Mwaka 1976 Peter Byrne, mtafutaji aliyejulikana sana, aliiomba FBI ipime nywele 15 zilizoshikana na kipande kidogo cha ngozi. Shirika hilo lilikubali, na majibu yakawa kwamba ni nywele za mnyama wa jamii ya kulungu. Faili lenyewe liliwekwa wazi mwaka 2019. Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitangaza matokeo ya vinasaba vya sampuli 30 za nywele zilizotumwa na makumbusho na watu binafsi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Walikuta dubu, farasi, ng'ombe, mbwa na hata binadamu, na hawakukuta jamaa yeyote mpya wa sokwe. Grover Krantz, mtaalamu wa anthropolojia aliyemtetea Bigfoot hadi kufariki kwake mwaka 2002, alikuwa akisema waziwazi kwamba bila mwili ubishi hautakwisha. Mifupa yake mwenyewe aliitoa kwa taasisi ya Smithsonian, na mwaka 2009 ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Washington pamoja na ya mbwa wake. Jumba hilo linayo mifupa ya mtetezi. Ya aliyetetewa bado halijaipata.

Pingamizi zito kuliko yote, msomaji wa Kiswahili analo tayari: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na kweli, Tanzania ina mfano wa kuliunga mkono. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Mlima Rungwe waliambiwa habari za kima aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kimizimu pia, wageni hao walisitasita. Wawindaji walikuwa sahihi. Kipunji alionekana Rungwe na jirani yake Livingstone, kisha mwaka 2004 kundi jingine la watafiti likamkuta Ndundulu, milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi katika jarida la Science kwa msingi wa picha. Mwaka huohuo mmoja akafa katika mtego wa mkulima, na vinasaba vya mwili ule vikaonyesha mwaka 2006 kwamba ni jenasi mpya yenye udugu na nyani. Kufikia 2008 ilikuwapo sensa yao: 1,117. Basi mfano huu unapima pande zote mbili. Unawakemea wataalamu wanaodharau maneno ya wenyeji, na papo hapo unaonyesha mnyama aliyesemwa na kuwapo kweli anafanyaje: ndani ya miaka mitano alitoka kwenye maneno akaingia kwenye picha, kwenye mwili, kwenye maabara, hadi kwenye hesabu. Bigfoot ametoka kwenye nyayo za 1958 akaishia kwenye nyayo.

Lipo pingamizi la pili, kwamba misitu ya Marekani ni mikubwa na mizoga huoza upesi. Ni kweli kwamba ni nadra mtu kukuta mzoga wa dubu aliyekufa kwa uzee. Hata hivyo dubu hugongwa na magari, hupigwa na wawindaji, na hupotea njia wakafika Brookland. Kiumbe mkubwa hawezi kudumu vizazi kwa vizazi bila kuwa na maelfu ya wenzake, na maelfu hayawezi yote kukwepa barabara, risasi na kamera. Watafiti waliotega kamera ili kuhesabu paka wa Washington walinasa mwaka 2019, kando ya mfereji wa zamani wa C&O, picha ya bobkati, paka wa porini mwenye mkia mfupi ambaye hawakuwa wakimtafuta kabisa. Kamera hazikubagua, zilipiga chochote kilichopita. Na utafiti wa mwaka 2009 uliochora ramani ya taarifa za Bigfoot magharibi mwa Marekani uliikuta inalandana mno na ramani ya dubu mweusi, mnyama anayeweza kusimama kwa miguu miwili, na ambaye unyayo wake wa nyuma hufanana na wa mtu.

Hakuna lazima ya kumcheka anayelala msituni akisikiliza mlio wa Bigfoot. Anafanya kazi ya uchunguzi, na siku atakayoleta jino moja lenye vinasaba visivyojulikana, hoja hii itaanguka bila mabishano. Hadi hapo, ushahidi mpya ukiletwa tusianze kwa kuuliza aliyeuleta ni mkweli kiasi gani. Tuulize unazidi nini ule wa 1967. Kwa kipunji, karibu kila mwaka swali hilo lilipata jibu; kwa Bigfoot na Goatman halijapata jibu hata mara moja, ingawa sasa karibu kila mtu anatembea na kamera mfukoni.