Gari la umeme la nyumbani: Shangwe zilikuwa nyingi, hesabu ya kilometa ikasahaulika

Mwezi Machi 2022 mchora katuni na mtangazaji wa redio anayefahamika sana nchini, Masoud Kipanya, alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo linalotumia umeme, chini ya jina la kampuni yake ya Kaypee. Gari hilo lilitangazwa kuwa la kwanza la aina yake kutengenezwa na Mtanzania, na kwa siku kadhaa likawa gumzo redioni, magazetini, kwenye simu na kwenye vijiwe.

Maoni ya watu yaligawanyika kama ilivyotarajiwa. Wako waliojaa fahari na kuitaka serikali impe mbunifu huyo mkono. Wako waliocheka umbo la gari na kulifananisha na bajaji iliyofungwa milango. Wengine waliuliza betri na mota vimetoka wapi, na kwamba kama vimetoka nje, je, hilo bado ni gari la Tanzania?

Swali hilo la mwisho lilipewa uzito kuliko linavyostahili. Viwanda vikubwa vya magari duniani navyo hununua betri kwa wengine, na kampuni moja tu ya China, CATL, huuza betri kwa watengenezaji wa magari wa Ulaya, Marekani na Asia. Hakuna anayewaambia Wajerumani kwamba magari yao si ya Kijerumani kwa sababu hiyo. Suala la umbo nalo ni la mafundi wa bodi, nao hurekebisha kila mwaka.

Kwa mfanyabiashara wa Singida, anayesafirisha vitunguu, kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti au mashudu, swali lenye fedha ndani yake ni jingine kabisa, na katika shangwe zile lilisikika kwa sauti ndogo. Wakati wa uzinduzi ilielezwa kuwa gari hilo, likichajiwa kwa muda wa saa sita, linaweza kwenda kilometa 50 hadi 60. Waliolisikia jambo hilo walilichukulia kama upungufu mdogo utakaorekebishwa baadaye. Kibiashara, hapo ndipo penye faida au hasara yote.

Ni kweli kwamba gari hilo lilikuja wakati muafaka. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia, na bei ya mafuta ikapanda kwa kasi. Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya sh. bilioni 100 kuanzia Juni 2022, na hata hivyo Agosti mwaka huo bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA ilivuka sh. 3,400 kwa lita jijini Dar es Salaam. Singida, kama mikoa mingine ya bara, hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa kuwa gharama ya lori linalobeba mafuta kutoka pwani huongezwa juu ya kila lita. Mwenye bajaji au guta hapa ana sababu kubwa ya kuutamani umeme kuliko mwenzake wa Kariakoo.

Umeme nao upo. Singida si mahali pa mwisho wa waya kama wengi wanavyodhani. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga hupita hapa, na ni hapa inapoanzia njia nyingine ya kwenda Arusha na Namanga hadi Kenya. Mgawo uliowatesa wenye mashine za kukamua alizeti mwishoni mwa mwaka 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024, na bwawa hilo, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilishwa mitambo yake yote tisa mwaka 2025.

Basi hesabu ifanyike. Takwimu zinazofuata ni za mfano, si bei ya duka lolote, na kila msomaji aweke za kwake.

Chukua chombo cha miguu mitatu cha petroli kinachokwenda kilometa 25 kwa lita kikiwa na mzigo. Petroli ikiwa sh. 3,000, kila kilometa hula sh. 120. Chukua chombo cha umeme cha ukubwa huohuo kinachotumia uniti 10 kwa kilometa 100, pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU asiye katika kundi la matumizi madogo, uniti moja imekuwa ikigharimu karibu sh. 357 pamoja na kodi. Kila kilometa inakuwa sh. 36 hivi. Tofauti ni sh. 84 kwa kilometa, ukiacha akiba ndogo ya kutobadilisha oili wala plagi.

Hapa ndipo mpiga debe wa magari ya umeme huishia, akiwa ameshapigiwa makofi. Lakini kuna kitu kinaitwa betri. Tuseme betri ya chombo hicho inagharimu sh. milioni 2.4 na inadumu miaka mitatu. Hiyo ni sh. 800,000 kwa mwaka, na betri huzeeka hata ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe. Tuseme pia kwamba chombo cha umeme kinauzwa kwa sh. milioni 2 zaidi ya kile cha petroli, na tofauti hiyo imekopwa kwa riba ya asilimia 18. Riba peke yake ni sh. 360,000 kwa mwaka. Kwa hiyo, kabla gurudumu halijazunguka, mwenye chombo ana deni la sh. 1,160,000 kila mwaka.

Akitembea kilometa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, akiba yake ya mafuta kwa mwaka ni sh. 1,048,320. Amepata hasara ya zaidi ya sh. laki moja, na milioni 2 alizokopa bado hajazigusa. Akitembea kilometa 100 kwa siku, akiba ni sh. 2,620,800. Akitoa betri na riba anabaki na sh. 1,460,800, na ile tofauti ya bei aliyokopa inarudi katika muda wa mwaka mmoja na miezi mitano hivi.

Chombo ni kilekile, betri ileile na umeme uleule. Kilichobadilika ni kilometa tu. Faida ya umeme huingia kwa kila kilometa, lakini gharama ya betri na riba huja kwa kila mwezi, chombo kitembee kisitembee. Ndiyo maana gari linaloishia kilometa 60 haliwezi kuhukumiwa kwa kulinganishwa na bei ya petroli peke yake. Uwezo mdogo wa betri humzuia mwenye gari kufikia zile kilometa ambazo zingemlipa. Ili afikishe 100 kwa siku ni lazima asimame mchana kuchaji tena, na zikiwa ni saa sita, soko limeshafungwa.

Ukiitazama ramani ya mkoa jambo hili linakuwa wazi zaidi. Kutoka Singida mjini hadi Ikungi ni karibu kilometa 40. Kwenda na kurudi ni 80, yaani nje ya uwezo uliotajwa mwaka 2022, labda apatikane wa kumchajia huko. Manyoni iko takriban kilometa 120, Dodoma 240. Mnunuzi wa alizeti anayezunguka vijiji vya Mkalama au Iramba kukusanya magunia hawezi hata kufikiria. Anayeweza kufikiria ni yule wa mjini: anayesambaza madumu ya mafuta kutoka mashineni kwenda madukani, anayetoa mzigo stendi kuupeleka sokoni, au anayebeba abiria kutwa nzima ndani ya manispaa. Huyo safari zake ni fupi lakini nyingi, na usiku chombo kinalala nyumbani karibu na soketi.

Walioicheka Kaypee kwa kuiita bajaji huenda, bila kukusudia, waliitaja kazi inayoifaa zaidi. Bajaji ni biashara inayolipa kwa sababu haisimami.

Somo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Rais Moi wa Kenya alikiagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kutengeneza gari la nyumbani. Magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer, yaliyotumia petroli, yalioneshwa hadharani Februari 1990 kwa shangwe kubwa uwanjani Kasarani. Kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikupata fedha, na magari hayo hayakufika sokoni. Fahari ya taifa ilikuwepo tele, ila hapakuwa na mnunuzi mwenye hesabu ya kumfanya arudi kununua la pili.

Waganda walifika mbali zaidi, na namna walivyobadili njia inastahili kutazamwa na mwekezaji yeyote. Novemba 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionesha Kiira EV, gari la umeme la watu wawili lililoelezwa kuwa na uwezo wa kwenda kilometa 80 kwa chaji moja. Maoni ya Kampala mwaka ule yangeweza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2022 bila kubadilisha nukta: fahari, kejeli, na swali la vipuri vya nje. Mwaka 2014 likafuata Kiira EV Smack, la kuchanganya petroli na umeme. Lakini kufikia Februari 2016 kilichotolewa mbele ya umma kilikuwa basi, Kayoola, lenye paneli za sola juu ya paa. Kampuni ya Kiira Motors, ambayo mwenye hisa mkubwa ni serikali na Makerere ina sehemu ndogo, tangu hapo imeweka nguvu zake kwenye mabasi, na kiwanda chake kimejengwa Jinja.

Kwa nini basi? Gari la mtu binafsi huegeshwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo betri yake ya mamilioni inazeeka bila kuzalisha. Basi la mjini lina njia inayojulikana, kilometa zinazojulikana, mahali pa kulala panapojulikana, na nauli inayoingia kila siku. Aidha, mnunuzi wa mabasi huweza kuchukua kumi kwa mkupuo, na kiwanda kichanga kinahitaji mteja mmoja wa namna hiyo kuliko mashabiki elfu kumi.

Kwenye pikipiki, kampuni kama Ampersand ya Rwanda na Spiro zimelishughulikia tatizo hilohilo kwa njia tofauti. Mwendesha bodaboda hununua pikipiki bila betri, na betri inabaki mali ya kampuni. Ikiisha chaji anaibadilisha kituoni kwa dakika chache na kulipia. Kwa utaratibu huo gharama ya betri haimjii tena kwa mwezi, inamjia kwa kilometa, sawasawa na mafuta, na hatari ya betri kufa mapema inabebwa na kampuni. Tatizo ni kwamba kituo cha kubadilishia betri nacho ni mtaji uliolala, na kinahitaji pikipiki nyingi mahali pamoja ili kilipe. Kigali na Nairobi zinazo. Mji wa ukubwa wa Singida hauwezi kutegemea kuwa wa kwanza kwenye orodha ya mwekezaji wa aina hiyo.

Kuna jambo moja la Singida ambalo wauzaji wa vyombo vya umeme kutoka Dar es Salaam hawalipi uzito. Biashara ya hapa ina msimu. Alizeti ikivunwa, magari na maguta hayalali, na ikifika katikati ya masika mwenye chombo anaweza kupata safari mbili kwa siku na kushukuru. Mtu akimwona mwenzake anavyozunguka mwezi wa Juni, ni rahisi kuamini kwamba betri itajilipa mapema. Kwa chombo cha petroli msimu mbaya una nafuu yake, kwa sababu kisipotembea hakili. Cha umeme kinaendelea kula betri na riba kikiwa kimeegeshwa.

Kwa mfano uleule, tuseme mtu anatembea kilometa 100 kwa siku katika miezi mitatu ya mavuno, na kilometa 30 kwa siku katika miezi tisa iliyobaki. Jumla ni kilometa 14,820 kwa mwaka, na akiba ya mafuta ni sh. 1,244,880. Akitoa sh. 800,000 za betri na sh. 360,000 za riba anabaki na sh. 84,880, kwa mwaka mzima, kabla ya kurejesha shilingi moja ya ile milioni 2 aliyokopa. Anayefikiria kununua angefanya vyema kuandika kilometa zake kwenye daftari kuanzia Januari hadi Aprili kwanza, kwa maana benki hudai rejesho la Machi kwa kiasi kilekile cha Juni.