Ulinzi wa Mbasa Uanzie Rungwe

Mtu wa Unguja, Pemba au Mafia akitajiwa Tukuyu hukumbuka chai, ndizi na mvua isiyokatika. Samaki hawamjii akilini. Kwa kweli Wilaya ya Rungwe haina pwani, na maziwa yake ya volkeno, kama Masoko na Ngozi, hayatoshi kuwalisha watu wake. Samaki wauzwao katika soko la Tukuyu aghalabu hupandishwa mlimani kutoka Ziwa Nyasa kwa njia ya Kyela, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe hiyo hiyo kabla haijafanywa wilaya mbali. Tumeona tuizungumze Rungwe katika safu hii kwa kuwa liko jambo huko ambalo sisi watu wa visiwa, pamoja na viongozi wetu, hatuna budi kulitafakari.

Katika Ziwa Nyasa yumo samaki aitwaye mbasa. Ni samaki mwenye thamani kubwa, mwenye magamba ya kung'ara kama fedha, na chakula chake ni usipa, yaani dagaa wa ziwa lile. Mbasa huishi ziwani lakini huzaa mtoni. Mvua zinapojaza mito huyaacha maji makuu, akapanda kuukabili mkondo hadi apate changarawe safi yenye maji yaendayo kasi, na hapo hutaga mayai yake kwa maelfu. Mito mikubwa inayoingia ziwani kwa upande wa Kyela, kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote hushuka kutoka milima ya Rungwe.

Safari hiyo ndiyo uhai wa mbasa, na ndiyo mauti yake. Mvuvi anayejua msimu hana haja ya kuhangaika ziwani. Hutandaza wavu kutoka ukingo hadi ukingo kwenye mlango wa mto, au hujenga uzio na kutega migono, ambayo sisi twaiita madema. Wengine hutia utupa majini, wakaua wakubwa na wachanga kwa pamoja. Samaki anayekamatwa hapo tumbo limejaa mayai. Huo si uvuvi tena, ni kula mbegu iliyowekwa kwa ajili ya kupanda. Na kwa sisi tuliosoma vyuoni tangu utoto, jina lake ni israfu. Leo wataalamu wa hifadhi wamekwisha mwingiza mbasa katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka.

Lakini tusimtwike mvuvi peke yake mzigo huu. Miteremko ya Rungwe ni mikali na mvua yake ni nyingi kupita karibu wilaya zote za nchi. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo huporomoka, mto ukawa mwekundu, na tope likaifunika ile changarawe. Yai lililofukiwa na tope halipati hewa, hufa. Hivyo mkulima ambaye hajapata kushika kasia maishani mwake aweza kuua samaki wengi kuliko mwenye kokoro. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunauliza: ni maofisa wangapi wanaoteremka bondeni kuzipima?

Mfano wa kutisha hauko mbali. Katika Ziwa Malombe, kusini mwa Ziwa Nyasa katika nchi ya Malawi, watu walivua kwa nyavu za matundu madogo mno, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 chambo, samaki aliyekuwa fahari ya ziwa hilo, alikuwa ameporomoka. Nyavu zilibaki, zikivua visamaki.

Visiwani tunayo tajiriba ya kinyume chake. Wavuvi wa Kisiwa Panza huko Pemba, na wa Jibondo huko Mafia, wamepata kuifunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua kwa pamoja na kuvua pweza walionenepa. Serikali nayo ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Twaafiki hatua za namna hiyo, ila twasema wazi kwamba kumfungia mvuvi ziwa bila kufikiri watoto wake watakula nini ni kumsukuma avue usiku. Kadhalika, kuchoma nyavu za maskini mbele ya wapiga picha ni kazi nyepesi. Kumfuata tajiri aliyeziingiza nchini na kuzijaza dukani ndiyo kazi ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Kwa mbasa si lazima kulifunga ziwa zima. Yatosha kuifunga milango ya mito katika miezi anayopanda, chini ya ulinzi wa wavuvi wenyewe wa Kyela, na ushuru wa samaki usaidie posho ya walinzi hao. Nao Rungwe na Busokelo waotesheni matete na miti kandokando ya mito. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ipo, na yaweza kuwakalisha madiwani wa juu na wa chini katika kikao kimoja kabla ya mvua za Novemba.