Udongo Uwahi Ungali Maji: Mbunifu wa Tovuti Kyela Ashike Chombo Gani?

Kila Jumamosi mitumbwi hutia nanga Lyulilo, pale Matema wilayani Kyela, ikiwa imesheheni vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe na vijiji vya chini ya milima ya Livingstone. Kinamama wa huko hufinyanga kwa mikono. Chungu kikiwa kibichi na mdomo wake umepinda, kidole kilicholoa maji kinatosha kuunyoosha. Kikishatoka motoni hakinyooshwi tena: utakiuza kilivyo, au utakipasua. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji hawakuwa wakiwazia tovuti, lakini kila ninapopita soko lile naikumbuka kazi yangu. Sehemu kubwa ya hasara katika biashara ya kutengeneza tovuti hutokana na vyungu vilivyochomwa mapema.

Wateja wa kazi hii wapo Kyela, na wanaongezeka. Mfanyabiashara anayepeleka mchele Mbeya na Dar es Salaam anataka mahali pa kuthibitisha kwamba mchele wake ni wa Kyela kweli, maana jina hilo limechakachuliwa vya kutosha huko sokoni. Mwenye nyumba ya wageni Matema anataka mgeni aliyeko Dar au Ulaya ajue barabara ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda ikoje kabla hajafunga safari. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo kakao yake huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, vina wakulima walioshuhudia bei ya dunia ikivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, na tangu hapo kila mmoja anataka kujua bei ya leo, si ya juzi. Wanaowatengenezea ni vijana wachache wa hapa, na wengine wengi walioko Mbeya, ambako chuo kikuu cha MUST kinafundisha fani za kompyuta. Vijana hao huniuliza swali moja mara kwa mara: nichoree kwenye programu gani kabla sijaanza kuandika msimbo?

Kuna michoro ya aina mbili, na watu huichanganya. Wa kwanza ni mchoro wa mifupa, ambao mafundi huuita waifremu. Una masanduku na mistari tu: hapa kichwa, hapa picha, hapa kitufe. Hauna rangi wala madoido. Wa pili ni prototaipu, yaani michoro hiyo ikishaunganishwa, hata ukibofya "Agiza" unajikuta kwenye ukurasa wa kuagiza, ingawa nyuma yake hakuna ghala wala hesabu yoyote. Yote miwili ina kazi moja ya kibiashara, nayo ni kumpa mteja nafasi ya kukataa wakati kukataa bado hakujagharimu kitu. Chombo chochote nitakipima kwa hilo kwanza, halafu ndipo nitazame umaarufu wake.

Nilijifunza hili kwa maumivu. Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mzee muuza mchele. Nilimwekea mbele laptopu yenye kurasa za kupendeza: picha ya mashamba ya mpunga imejaa kioo kizima, rangi zimepangwa vizuri. Kwa kila ukurasa alitikisa kichwa kukubali na kusema, "Iko vizuri, mwanangu." Wiki tatu baadaye tovuti ilikuwa tayari. Akaifungua kwenye simu yake, kwa bando lake mwenyewe, akasubiri ile picha ishuke, akatafuta kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, namba yangu ya simu iko wapi?" Ilikuwa chini kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya fomu. Wateja wake hawajazi fomu. Wanapiga simu, wanaulizia bei ya gunia, wanatuma fedha.

Kosa lilikuwa langu, si la mzee. Kwetu mtu mwenye heshima zake hamwambii kijana usoni kwamba kazi yake haifai, hasa akiiona imenakshiwa kana kwamba imekamilika. Niliporudi safari ya pili nilibeba karatasi za A4 nilizokata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikachora masanduku kwa kalamu ya risasi, nikamuuliza, "Mzee, ukitaka kuulizia bei utabonyeza wapi?" Hakuwa na pa kubonyeza. Akanyang'anya kalamu, akaifuta picha ya mashamba kwa mkwaju mmoja, akaandika namba yake kwa tarakimu kubwa. Kikao kilichukua nusu saa, na karatasi zilitoka kwenye rimu iliyokwishafunguliwa.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ninachokipendekeza kwa anayefanya kazi Kyela ni karatasi, nami nasema hivyo kwa dhati. Haikatiki umeme, haiishiwi bando, na mteja haiogopi. Hata watengenezaji wakubwa wa programu waliligundua jambo hilo. Mwitaliano Peldi Guilizzoni alipoanzisha Balsamiq mwaka 2008, aliifanya makusudi michoro yake ionekane imechorwa kwa mkono, mistari yenyewe ikiyumba kidogo, ili anayeitazama asidhani kazi imekwisha. Kwa mtu anayetaka mifupa tu, tena haraka, bado ni chombo kizuri, ingawa ni cha kulipia.

Karatasi ina mwisho wake. Mteja akiwa Dar es Salaam na wewe uko Ipinda, au kurasa zikizidi kumi, hapo lazima uende kwenye programu. Na ukiwauliza wabunifu wa dunia nzima leo, wengi watakutajia Figma.

Wana sababu. Figma ilianzishwa na Dylan Field na Evan Wallace mwaka 2012, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2016, na ubunifu wake mkubwa ulikuwa kufanya kazi ndani ya kivinjari. Kabla yake kipenzi cha wabunifu kilikuwa Sketch ya mwaka 2010, ambayo inakubali kompyuta za Mac pekee, na kwa bei za Mac hapa kwetu sina haja ya kuizungumzia zaidi. Figma ilimtoa mbunifu kwenye kifungo hicho. Unachora, unanakili kiungo, unakituma WhatsApp, na mteja anabofya prototaipu kwenye simu ileile atakayotumia kufungulia tovuti. Kwa biashara ya hapa hilo ni jambo kubwa kuliko madoido mengine yote. Tena kijana anayewinda vibarua vya nje ya nchi ataikuta Figma imetajwa kwenye matangazo mengi ya kazi. Aijue, hakuna mjadala.

Tatizo ni kuifanya chombo pekee. Mpango wa bure unakubana kwenye mafaili matatu ya kazi ya pamoja. Ukitaka kuvuka hapo, kiti kamili cha daraja la kwanza la kulipia ni dola 16 hadi 20 kwa mwezi, kutegemea unalipa kwa mwaka au kwa mwezi, yaani shilingi elfu 40 hadi 50 hivi. Anayepata tovuti mbili kwa mwaka atatoa fedha hiyo hata miezi ambayo hana kazi. Mapato yake ni ya shilingi, kwani kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ada yake ni ya dola. Dola ikipanda, anaumia peke yake.

Na kuna mtandao. Faili la Figma ulilokwisha kulifungua unaweza kuendelea kulichora intaneti ikikatika, lakini usilifunge, maana kulifungua tena kunahitaji mtandao. Wanaofanya kazi Kyela msimu wa masika, mvua inaponyesha usiku kucha na umeme ukaondoka nayo, wanajua maana ya sharti hilo. Wala si mambo ya mvua tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi mkuu. Mbunifu ambaye michoro yake yote iko kwenye wingu alikaa siku hizo mikono mitupu, tarehe za kukabidhi kazi zikimpita.

Ndiyo maana nawashauri wabunifu wa huku wawe na Lunacy kando. Imetengenezwa na kampuni ya Icons8, inawekwa kwenye Windows bila malipo, inafanya kazi bila mtandao, na faili linakaa kwenye diski yako. Haina umati wa watumiaji kama Figma, na mafunzo yake mtandaoni ni machache. Lakini kwa laptopu ya mtumba na mtu anayenunua bando la siku kwa siku, inatosha kabisa kwa tovuti za ukubwa tunaozungumzia.

Chombo kinachonivutia zaidi kwa siku zijazo ni Penpot, ya kampuni ya Kaleidos ya Madrid, iliyotoka kwa majaribio mwaka 2021. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na michoro yake imejengwa juu ya SVG, lugha ya michoro ambayo vivinjari vyote vinaielewa. Unaweza kuitumia mtandaoni bure, au ukaisimika kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kuisimika kunataka ujuzi, na mwanafunzi akijaribu peke yake anaweza kupoteza siku nzima. Chuo au karakana yenye kompyuta moja nzuri ingeweza kuiweka mara moja tu, wanafunzi wote wakaitumia kupitia mtandao wa ndani, bila bando.

Umiliki huu wa faili nauweka mbele kwa sababu nimeona walichopata waliouachia. InVision ilianzishwa mwaka 2011, na mwaka 2018 ilithaminiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.9. Karibu kila kitabu cha ubunifu kiliitaja. Mwezi Januari 2024 ikatangaza kufunga huduma zake, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo ikazizima. Ambaye hakuwa amepakua michoro yake aliikosa. Adobe nayo ilikubaliana Septemba 2022 kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, mpango ukavunjika Desemba 2023 baada ya wasimamizi wa ushindani wa Ulaya na Uingereza kuutilia shaka. Na chombo cha Adobe yenyewe, XD, kiliondolewa kwenye mauzo ya peke yake mwaka uleule. Hayo ni maamuzi ya vyumba vya mikutano ambavyo mbunifu wa Kasumulu hana kiti ndani yake.

Chombo chochote utakachoshika, mengine yanabaki mikononi mwako. Chora kwenye fremu ya simu yenye upana wa pikseli 360, kwa kuwa simu za Tecno, itel na Infinix zilizojaa mikononi mwa wateja wetu ndizo zitakazofungua tovuti hiyo. Usijaze masanduku maneno ya Kilatini yasiyo na maana kama mafunzo ya nje yanavyoelekeza. Andika Kiswahili halisi tangu mwanzo. "Vigezo na masharti" hayaingii kwenye kitufe kilichopimwa kwa neno moja fupi la Kiingereza, na utaligundua hilo umechelewa. Sanduku la namba ya simu likubali +265 pamoja na +255, kwani wanunuzi wa Karonga, Malawi, wako ng'ambo tu ya mto Songwe. Na mahali pa anwani usidai mtaa na namba ya nyumba peke yake. Mteja wa kijijini atakuelekeza kwa kata, kijiji, na "jirani na mashine ya kukoboa". Mpe nafasi ya kuandika hivyo.

Kisha jaribu kwa watu. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za ukurasa. Watano hao utawapata kwenye benchi moja la stendi ya Kyela wakisubiri kosta ijae. Wape simu, waambie waagize kilo kumi za mchele, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazokuchorea ukurasa mzima kwa sentensi moja. Ninazitumia kupata mawazo. Sizipeleki kwa mteja, kwa sababu zinanirudisha palepale kwa yule mzee wa mchele: kitu kilichong'aa kabla hakijaulizwa maswali.

Lililobaki ni mkataba, nalo linasahaulika kuliko yote. Ninapopatana bei huigawa: sehemu ya kwanza ni ya michoro, na inalipwa hata kama mteja ataamua tovuti haimfai. Kazi ya msimbo haianzi mpaka michoro iwe imekubaliwa kwa maandishi. Kisha namkabidhi kila ukurasa kama picha na kama PDF kwenye flashi, pamoja na faili lenyewe, ili fundi mwingine aweze kuendelea nisipokuwepo. Kwa chama kimoja cha wakulima wa kakao nilizichapisha kurasa zote stesheneri. Ukurasa wa bei ulikuwa na mstari mmoja tu juu kabisa: bei ya mnada wa mwisho, tarehe, kilo zilizouzwa. Mwenyekiti na katibu walitia saini pembeni ya kila karatasi, wakagonga muhuri, wakaziweka ndani ya jalada lilelile la kumbukumbu za mizani.