Harufu ya Ndizi Mbivu

"Wakuu habari za jioni. Samahani kwa usumbufu, mimi ni mgeni kwenye mambo ya nyuki. Ni kweli mtu aliyekula ndizi asisogelee mzinga?"

Swali la namna hii likiingia kwenye kundi la wafugaji nyuki la WhatsApp, mara nyingi vicheko hutangulia kabla ya jibu. Mmoja ataweka vikatuni vya kucheka hadi machozi. Mwingine ataandika kwamba hapa hatujadili imani za bibi. Wa tatu, ambaye kweli amechoka, atasema hayo yalishazungumzwa mwaka jana, mtu apande juu akatafute. Muulizaji ananyamaza, na wiki mbili baadaye kundi linaonyesha mstari mmoja mdogo wa kijivu: ameondoka.

Inasikitisha, maana swali lake lilikuwa la maana sana. Nyuki anapouma huacha mwiba kwenye ngozi, na hapo hapo hutoa harufu ya kuwaita wenzake waje kumshambulia adui. Mwaka 1962 watafiti walitambua kemikali kuu iliyomo kwenye harufu hiyo: isoamili asetati, ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mrina asali mzoefu hahitaji kulijua jina hilo. Akinusa ndizi mahali pasipo na ndizi, anajua kwamba nyuki wameshapigiana mbiu. Anaongeza moshi, anafunika mzinga taratibu na kurudi nyuma. Jibu zima halifiki mistari minne, na aliyelisoma atalikumbuka siku atakayoisikia harufu ile mwenyewe, akiwa juu ya ngazi.

Mgori, mkoani Singida, jibu kama hilo zamani halikuhitaji simu. Mgori ni kata katika Wilaya ya Singida, na pia ni jina la msitu wa miombo wenye zaidi ya hekta 40,000. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyopakana na msitu huo, yaani Ngimu, Pohama, Mughunga, Unyampanda na Nduamghanga, vilichukua jukumu la kuulinda vyenyewe, kwa kanuni zao na walinzi waliotoka miongoni mwao. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ukawa mmoja wa mifano ya mwanzo ya misitu ya vijiji Tanzania, na wageni kutoka mbali wamefika kuutazama. Kwa watu wa huko, msitu unamaanisha pia asali. Mizinga ya magogo na ya magome hutundikwa juu ya miti ili nyegere asiifikie, na ufundi wa kuitunza umepita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kwa njia rahisi sana: mtoto alikwenda naye. Alishika kamba chini ya mti. Aliona moshi unavyopulizwa, akasikia mvumo wa nyuki unavyobadilika wanapokasirika. Alipouliza swali la kitoto, aliyeulizwa alikuwa amesimama pale pale, akaelekeza kwa kidole.

Siku hizi wanaoanza wameongezeka, na wengi hawana baba wa kumfuata msituni. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliuhimiza ufugaji nyuki nchi nzima, na yeye mwenyewe anafuga. Baada ya hapo walimu, wauguzi, madereva na wastaafu wakanunua mizinga miwili mitatu, wengine kwa ajili ya kipato, wengine kwa sababu tu wanapenda kukaa jioni wakitazama nyuki wakirudi na chavua miguuni. Mwalimu wao ni simu. Simu huleta maneno peke yake. Haielekezi kwa kidole, haisikii mvumo, na haijui kwamba anayeuliza amesimama hatua tatu kutoka kwenye mzinga akitetemeka.

Hapo ndipo makundi mengi yanapojikwaa. Watu hudhani ukarimu kwa mgeni ni suala la tabia njema, kwamba ukiwa na admini mpole mambo yatakwenda. Upole unasaidia, lakini haujazi nafasi ya yule mzee aliyesimama chini ya mti. Mzee huyo aliona kile ambacho mtoto hakujua hata kukitaja. Kundi la mtandaoni halioni, kwa hiyo sharti liulize. Mtu akiandika, "Mzinga wangu una miezi mitatu hauna nyuki, nimekosea wapi?", jibu la kwanza lenye manufaa ni maswali mengine: Uko wapi, na ulitundikwa mwezi gani? Ndani ulipaka nta kidogo kama chambo, au ulibaki na harufu ya rangi na misumari mipya? Umechungulia ukaona sisimizi? Kila swali la kumrudishia mgeni ni kama kidole kinachoelekeza. Linamfundisha pia mambo ya kutazama, ili safari ijayo aulize vizuri zaidi.

Gharama ya kutomjibu haiishii kwake. Mtu aliyekosa maelekezo ya bomba la moshi hutumia mwenge wa nyasi kavu, njia iliyowahi kuteketeza makundi mengi ya nyuki. Mwenge ukidondoka kwenye majani makavu ya miombo wakati wa kiangazi, kinachoungua si mzinga pekee. Moto wa warina asali ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana vya moto wa misituni katika ukanda wote wa miombo. Vijiji vilivyotumia miaka mingi kuulinda msitu wao vina kila sababu ya kutaka swali la mgeni lijibiwe usiku ule ule.

Tatizo hili si la wafugaji nyuki peke yao. Wikipedia, kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea, ilikutana nalo kwa kishindo. Kwenye toleo la Kiingereza, idadi ya wachangiaji hai ilifika kilele mwaka 2007 kisha ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha sababu mojawapo kubwa: wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi zao za kwanza na kupokewa na maonyo yaliyotumwa na programu badala ya mtu. Wakaondoka. Mwaka 2012 lilianzishwa baraza dogo la wageni lililopewa jina la nyumba ya chai. Waliokaa humo waliitwa wenyeji, na kazi yao ilikuwa kusalimia, kujibu kwa lugha ya kawaida na kuacha tabia ya kumrushia mtu rundo la kanuni akasome mwenyewe. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa wageni waliokaribishwa kwenye baraza hilo walielekea kubaki kuliko wale ambao hawakualikwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Chai, salamu na mwenyeji ni vitu tulivyokuwa navyo muda wote. Tulichosahau ni kuvibeba tulipohamia kwenye simu.

Wakongwe nao wana haki ya kusikilizwa. Kujibu "mzinga unauzwa bei gani" mara ishirini kwa mwezi kunachosha, na anayejibu hufanya hivyo bure, usiku, baada ya kazi zake. Mtu wa namna hiyo akifoka, mara nyingi ni uchovu, wala si roho mbaya. Makundi yanayodumu huugawa mzigo huo. Wiki hii wenyeji ni wawili, wiki ijayo wengine wawili, na wanaobaki wana ruhusa ya kunyamaza. Kunyamaza kunavumilika kuliko dhihaka. Majibu mazuri huhifadhiwa katika ujumbe mmoja unaobandikwa juu, na mgeni anaelekezwa huko akiwa ameshasalimiwa na kujibiwa kwa kifupi, siyo kama njia ya kumfukuza.

Kuna faida nyingine, nayo huwaendea wakongwe wenyewe. Chukua swali linaloonekana dogo kuliko yote: kwa nini viunzi vya mzinga wa kisasa viwe na upana wa milimita 32, mbona milimita 40 zingepunguza kazi ya seremala? Wafugaji wengi hawajawahi kujiuliza. Walipewa kipimo, wakakifuata. Jibu limo ndani ya mwili wa nyuki. Nyuki wetu wa Afrika ni mdogo kuliko wa Ulaya. Sega lake la majana, yaani watoto wa nyuki, lina unene wa karibu milimita 24, na kati ya sega na sega huacha njia ya kupita nyuki, karibu milimita nane. Jumlisha: 32. Kiunzi kikiwa kipana zaidi, nyuki hawabishani na seremala. Wanajenga wanavyotaka wao. Sega la tatu au la nne linaanza kupinda na kuunganishwa na kiunzi cha jirani, na siku ya kurina ukinyanyua kimoja unararua viwili, asali inamwagika na majana yanakufa. Mmarekani Lorenzo Langstroth aliitambua njia hiyo ya kupita nyuki mwaka 1851, na mizinga ya kisasa duniani imejengwa juu ya ugunduzi huo. Mfugaji mwenye miaka kumi ya kazi akilazimika kumweleza hayo mgeni, mara nyingi huinuka na rula kwenda kupima viunzi vyake mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kama yupo mtu aliyethibitisha nguvu ya swali katika ufugaji nyuki, ni François Huber wa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1750. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana. Hata hivyo aliamua kuchunguza maisha ya nyuki, na akafanya hivyo kwa kumuuliza mtumishi wake, François Burnens, kijana wa shamba asiye na elimu kubwa. Umeona nini? Upande gani? Walikuwa wangapi? Una hakika, au tufungue tena? Burnens alikuwa na macho bila ujuzi, Huber alikuwa na ujuzi bila macho, na katika kuulizana kwao walithibitisha kwamba malkia hupandwa nje ya mzinga, angani. Kitabu chao kilitoka mwaka 1792, kikawa msingi wa elimu ya nyuki. Kundi la simu liko katika hali ya Huber kila siku: wenye ujuzi hawaoni, mwenye macho ni mgeni. Wakimfukuza wanabaki gizani.

Yako pia mambo madogo yanayomfungia mgeni mlango bila mtu kukusudia. Video ya dakika kumi na tano ni jibu zuri kwa mwenye intaneti ya nyumbani, lakini kwa aliyenunua bando la siku ni nusu ya bando lake. Picha mbili na mistari mitano zinatosha. Ujumbe wa sauti humsaidia asiyeandika haraka, ila miezi sita baadaye hakuna awezaye kuutafuta, kwa hiyo inafaa mtu mmoja auandike kwa ufupi. Lugha nayo ni mlango: aliyekua Mgori huenda anayajua majana, chavua na manzuki, wakati aliyekulia mjini hajawahi kuyasikia, na haichukui sekunde kumweleza kwamba manzuki ni eneo linalowekwa mizinga.

Maswali yenyewe hufuata majira, jambo linalowarahisishia wenyeji kujiandaa. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Mvua zikikatika na maua ya miombo yakiwa yameshafanya kazi yake, simu huanza kulia kwa swali moja: nitajuaje asali imeiva? Kwa hilo jibu linaweza kuandikwa mapema. Nenda jua likizama, usiende peke yako, na mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda. Puliza moshi kidogo mlangoni, usubiri. Nyanyua kiunzi cha pembeni kwanza. Kama angalau robo tatu ya vyumba vya sega imezibwa kwa nta nyeupe, kata, ukiacha kipande cha vidole viwili kwenye kiunzi ili wajenge tena. Kama vyumba bado viko wazi na asali inachuruzika kama maji, irudishe, itachacha. Ukiona majana, irudishe pia. Ukinusa ndizi, funga. Ukifika nyumbani tutumie picha.