MTEJA KAKUPELEKA POLISI? JUA DHAMANA MAPEMA

Wadau, leo sio somo la kupiga picha bidhaa. Mwaka juzi nilipokea 380,000 ya dada mmoja wa Kerege, anataka friji. Mzigo ukakwama Kariakoo siku tisa, na mimi kwa aibu nikawa sipokei simu zake. Siku ya kumi nikaitwa kituoni: kujipatia fedha kwa udanganyifu. Niliingia saa nne asubuhi, nikatoka saa mbili usiku.

Nilichelewa kwa sababu nyumbani hawakujua pa kuanzia. Mama alikuja na laki moja ya kuazima, kaambiwa mtaani dhamana inanunuliwa. Hainunuliwi. Kilichonitoa ni mjomba na jirani waliokuja na vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, wakasaini.

Shika haya:

1. Dhamana ya polisi ni bure. Mdhamini anasaini ahadi tu. Pesa anadaiwa ukitoroka.

2. Kama kosa si zito na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, sheria inataka uachiwe kwa dhamana. Uliza kwa heshima, usibishane.

3. Kesi ikifika mahakamani na pesa inayodaiwa inazidi milioni 10, unatakiwa kuweka nusu yake, taslimu au mali, na nusu nyingine unaisainia. Wanaokusanya oda za China, pigeni hesabu: wateja 40 mara 300,000 ni milioni 12. Yaani uweke milioni 6 ndio utoke.

4. Kuna makosa hayana dhamana kabisa, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo usikubali laini yako au akaunti yako ipitishe pesa za mtu usiyemjua.

5. Dhamana sio msamaha. Siku ya kuripoti nenda, hata kama umesharudisha pesa ya mteja. Usipotokea, unamtia mdhamini wako matatani.

Leo kabla hujalala, ongea na watu wawili watakaokudhamini, na kariri namba zao kichwani. Simu yako utaiacha kaunta.

Na mzigo ukichelewa, pokea simu ya mteja. Mimi ningepokea, nisingefika kule.