Vidonge Vingapi kwa Gunia? Hakuna Hata Kimoja

Mahindi mapya yakianza kuingia kwenye masoko ya Tandale na Manzese, Dar es Salaam, simu yangu haitulii, na swali ni lilelile: "Mtaalamu, tumeamua kubana matumizi ya nyumbani, tumenunua gunia zima. Tuweke vidonge vingapi?" Wengine huuliza kabla ya kuweka. Wengine wamekwisha kuweka, wanataka tu niwaambie kwamba viwili vinatosha. Jibu ni sifuri. Gunia lililo ndani ya nyumba wanamolala watu haliwekwi kidonge hata kimoja, na nimechoka kulijibu swali hili kwa upole kana kwamba tunajadili kiasi cha chumvi.

Vidonge hivyo vya kijivu ni aluminiamu fosfaidi. Vikigusana na unyevu ulio hewani hutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 nzima. Gesi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Inazuia chembe hai za mwili kutumia oksijeni, na haijui tofauti ya fukusi na mtoto wa miaka mitatu. Hakuna dawa ya kuitengua. Hospitali itamsaidia mgonjwa apumue na kujitahidi moyo wake usisimame, na mara nyingi hilo halitoshi.

Watu hunitajia tahadhari walizochukua, na kila moja inanipa hofu zaidi. Wanasema kidonge wamekifunga kwenye kitambaa. Kitambaa huzuia majivu ya kidonge yasichanganyike na punje. Gesi inapita kama kawaida. Wanasema gunia liko chumba kingine. Nyumba nyingi za kupanga kuta zake hazifiki kwenye paa, kwa hiyo hewa ya chumba kimoja ndiyo hewa ya vyote, na anayeweza kufa ni mpangaji wa jirani ambaye hata hakuambiwa kuna gunia. Wanasema wanafungua madirisha. Mchana, ndiyo. Usiku yanafungwa kwa sababu ya mbu na wezi, na kidonge kinaendelea kutoa gesi kwa siku kadhaa. Wanasema watasikia harufu. Fosfini tupu haina harufu. Hii ya dukani hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu inaweza kupotea gesi ikiwa bado imo, na aliyelala usingizi hanusi kitu.

Halafu kuna maziwa. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba maziwa huondoa kila sumu, lakini amefanya madhara makubwa. Gesi imeingia mapafuni na imekwisha kufika kwenye damu. Glasi ya maziwa itamfanyia nini mgonjwa? Kinachofanyika ni kupoteza saa moja ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Na saa hiyo huwa imekwisha kuliwa na jambo lingine, maana dalili ni kichwa kuuma, kutapika, kifua kubana na pumzi kukatika. Familia hukaa ikimlaumu samaki wa jana huku gunia liko palepale chini ya kitanda.

Linalonikera zaidi ni kwamba hatari yote hiyo haiwamalizi hata wadudu wenyewe. Fosfini hufanya kazi ikikaa kwa wingi wa kutosha, muda wa kutosha. Ndiyo maana wafukizaji wenye kibali hufunika shehena kwa turubai lisilopitisha gesi, wakaziba kingo zote, wakaiacha siku kadhaa bila mtu kusogea. Wewe umeweka kidonge kwenye gunia la salfeti, ambalo limefumwa na limejaa vitundu. Gesi inatoka kuja kwako. Fukusi wakubwa wachache wanakufa, unawaona wamelala juu ya punje, unaridhika. Lakini fukusi hutaga ndani ya punje. Mayai na mabuu yaliyojificha humo yanapona, na baada ya wiki chache yanatoka mazima. Dumuzi, mdudu huyu mharibifu aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenea nchi nzima, naye ni hivyohivyo. Tena gesi haiachi kinga yoyote nyuma yake. Ikishaisha, wadudu wa gunia la jirani wanahamia kwako siku hiyohiyo.

Wala kidonge hakigusi sumukuvu, ambayo ndiyo hofu ya kweli kwa mahindi yaliyohifadhiwa mabichi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika. Kinga yake ni ukavu na kuchambua punje zilizooza, basi.

Kama umekwisha kuviweka, ukisoma hapa usianze kupekua gunia. Toa kila mtu nje sasa hivi, na wapangaji wenzako pia, acha milango wazi, piga simu Zimamoto 114. Mwenye dalili yoyote apelekwe hospitali na kopo la dawa liende naye, daktari ajue anapambana na nini. Vilivyobaki usivitupe chooni wala usivimwagie maji. Maji huharakisha gesi na yanaweza kuwasha moto. Muulize afisa kilimo.

Sasa turudi kwenye pesa, maana ndiyo iliyoleta gunia nyumbani. Familia ya watu sita inayokula ugali mara moja kwa siku hutumia kilo moja na nusu hivi ya unga. Gunia la kilo 100 likisagwa dona litakwisha katika miezi miwili na siku chache; likikobolewa, robo hivi inaondoka na pumba na linaisha mapema zaidi. Kwa hiyo unaweka sumu ya kufukizia maghala kwenye chakula ambacho baada ya miezi miwili hivi hakitakuwepo! Na faida yenyewe? Tuseme dukani kilo ni shilingi 1,000 na kwa jumla ni 800. Gunia linakuokolea 20,000. Toa 5,000 ya guta, toa kilo tano za vumbi, vijiwe na punje mbovu, imebaki 10,000. Ni pesa halali na ninakuunga mkono uipate. Lakini ifanyie hesabu kabla ya kununua, kwa sababu nimeona watu wakisherehekea bei ya gunia na kusahau kwamba theluthi yake ililiwa na dumuzi.

Utakachofanya ni hiki. Nunua kwa mizani, uliza bei ya kilo. Sado na debe hujazwa kwa mkono wa anayeuza, na gunia la lumbesa ni kosa kisheria hata likikuvutia. Jaribu ukavu: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa vizuri, acha itulie, chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, usinunue au uyaanike kwanza. Chekecha, chambua. Kisha yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya gunia moja, njia iliyoanzia kwenye kunde za wakulima wa Cameroon miaka ya 1980: wadudu humaliza oksijeni iliyomo, wakafa wenyewe bila dawa. Huna mfuko? Madumu ya mafuta ya kula ya lita 20, yaliyooshwa na kukauka kabisa. Kila moja huchukua kilo 15 hivi. Jaza mpaka mdomoni, kaza kifuniko, usifungue mpaka zamu yake ifike. Yasiwe madumu yaliyowahi kubeba mafuta ya taa wala dawa. Kama chumba ni kidogo, gawaneni gunia na jirani, kila mtu abebe nusu yake.

Dona saga ya wiki mbili tu, maana mafuta ya kiini huchacha na unga ukawa mchungu. Na maharage msinunue ya mwaka mzima hata bei ikiwa nzuri namna gani: yakikaa muda mrefu kwenye joto la Dar es Salaam huwa magumu kuiva, na nafuu uliyoipata sokoni utailipa kwa mkaa.